Kung'arisha Meno ya Zuhura

Siku ya kwanza kazini sikuulizwa jina. Daktari alikuwa Mgoa mfupi mwenye chumba cha meno Ndia Kuu, Mombasa, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alinionyesha kile kiti kikubwa cha chuma akasema, "Kaa. Fungua mdomo." Mimi nilikuja kuandikwa kazi, si kutibiwa! Nikakaa na buibui langu, nikafungua. Akanimulika kwa kioo chake kidogo chenye mpini mrefu, akanivuta shavu huku na huku, kisha akauliza:

"Watafuna tambuu?"

"Sitafuni, Daktari."

"Wote husema hivyo," akajibu, akaendelea kutazama. Aliporidhika kwamba simdanganyi ndipo akataka kujua naitwa nani. Nikamwambia Rukia, akaniambia nianze kesho asubuhi.

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mtaniona mtu wa shaka, na sikatai. Lakini hebu kaa wewe kando ya kiti kile miaka na miaka, usikie watu wanavyoapa. Mzee mzima aapa sigara hajaionja tangu azaliwe, na meno ya chini, kwa upande wa ulimi, yamekuwa meusi tititi. Mama aapa tambuu ameiacha zamani, na midomo bado imekolea wekundu. Daktari alinifundisha kuwaitikia kwa adabu, naam, naam, huku macho yangu yako kwenye jino.

Ilikuwa miaka ya sitini, na msaidizi wa daktari wa meno alifanya kila kitu isipokuwa kung'oa. Nilichemsha vyombo. Nilichanganya plasta ya kuchukulia umbo la kinywa kwa wale waliotaka meno ya bandia. Umeme ukikatika nilikanyaga mashine ya kutobolea kwa mguu, kama fundi wa cherehani, na mgonjwa anitolee macho. Na nilisugua. Kwanza Daktari hukwangua ukoga ulioganda, ule mgumu unaoshika shingoni mwa jino karibu na ufizi. Kisha mimi hutia unga laini wa jiwe uliotiwa maji kidogo, nikapitisha brashi ndogo inayozunguka, jino moja baada ya jingine. Huko ndiko kung'arisha meno kulikokuwako. Mtu alitoka pale na meno yake mwenyewe, si meupe zaidi ya alivyojaliwa.

Sasa watu wataka zaidi ya walivyojaliwa, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengine walisaga mkaa wakauchanganya na chumvi, wakasugua mpaka ufizi ukatoka damu. Wengine majivu ya kuni, wengine magadi ya jikoni. Mswaki wa mti Daktari hakuwa na neno nao, hata yeye alikuwa nao mfukoni. Waliomtia wazimu ni wa ndimu. Mtu huja meno yameng'aa kweli, ila akinywa maji ya mtungi aruka kitini, kwa sababu gamba la nje la jino, lile gumu linaloficha neva, limeliwa na ukali wa ndimu.

"Ndimu ni ya samaki!" Daktari hupiga kelele mpaka chini dukani wakasikia. "Wewe samaki?"

Alinifundisha pia kusoma rangi. Wekundu wa tambuu hukaa shingoni mwa jino. Weusi wa tumbaku hujificha kwa ndani. Na kulikuwa na rangi ya tatu, ya hudhurungi, milia milia yenye madoa meupe ya chaki, juu na chini sawasawa. Hiyo tuliiona kwa watu wa Bara waliokuja kufanya kazi bandarini na kwenye reli. "Haya usiyasugue, utachoka bure," aliniambia. Visima vya sehemu fulani za Bara vina madini ndani ya maji. Mtoto akiyanywa meno yake yakiwa bado yanaumbika ufizini, huota yakiwa na rangi ile, na rangi imo ndani ya jino.

Daktari alipofunga chumba chake na kurudi kwao, nilichukuliwa kliniki ya serikali. Huko alikuwako Daktari wa Serikali, mtu mpole asiyesema sana, na juu ya sisi wasaidizi alikuwako Sista Mkuu, Mwingereza mrefu aliyenusa kila kitu kabla hajakigusa. Nilimpenda siku ile ile. Alinipeleka kabatini akaniambia, "Rukia, chupa isiyo na jina ni sumu, mpaka aliyeileta ainywe mbele yangu." Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimepata mwenzangu.

Nilikuwa hapo wakati wa mambo ya Zuhura.

Zuhura ni binti wa mama mdogo, na mama mdogo ndiye niliyebaki naye baada ya mamangu kufariki. Mumewe alikuwa mtu wa reli, wakahamishiwa Bara, na Zuhura akazaliwa na kukulia huko mpaka akawa kigoli. Waliporudi Mombasa alikuwa msichana mzuri, mcheshi, na meno yake yana ile milia ya hudhurungi. Sisi wa nyumbani tulikwisha kuyazoea. Akaposwa na kijana wa Kibokoni, karani wa bandarini, na Zuhura mwenyewe alimtaka, nasema bila kuficha, akisikia jina lake tu alibabaika.

Siku moja shangazi wa bwana harusi, Bi Shemsa, akaja eti kuazima ungo. Ungo! Nyumbani kwake alikuwa nazo tele zimetundikwa ukutani. Akakaa, akaletewa kahawa, akatoa kichekesho, na Zuhura, masikini, akacheka kwa mdomo wazi. Bi Shemsa akaupokea ungo akaenda zake. Haikupita siku mbili mtaa mzima wajua kwamba yule binti atafuna tumbaku kwa siri.

Asiyejua kwetu ataona ni jambo dogo. Uraibu wa tambuu na tumbaku ni wa wanawake walioolewa. Mwali akitafuna, watu hawaulizi habari za meno tena. Huuliza nani alimfundisha, na hukaa wapi, na hukaa na nani. Posa haikuvunjwa, ila yalikuja maneno kutoka Kibokoni: siku ya kupamba, bibi harusi akikaa jukwaani mbele ya wanawake, tutamtazama vizuri. Na mama mdogo aliyaelewa. Wasiporidhika, harusi imekufa, na nani atakuja kuposa tena hapo?

Akaja kliniki mbio. "Rukia, mwanangu, yasafishe."

Nikamwingiza Zuhura kwa Daktari wa Serikali. Akayatazama kwa utulivu, akasema, "Mama, huu si uchafu. Hili ni jino lenyewe. Nikitaka kuiondoa rangi, itabidi niondoe jino." Mama mdogo alitoka pale amenuna, na njiani akaniambia kwamba daktari wa bure hawezi kutoa dawa ya maana.

Ndipo akamkumbuka Fundi Meno. Huyu alikuwa na meza yake karibu na Ngome ya Yesu, kati ya wauza vinyago na wauza kauri, akiwauzia mabaharia na watalii chupa za kung'arisha meno. Mama mdogo akanivuta twende. Fundi akatuchekea, na meno yake, lo, meupe, yote kimo kimoja. Nilipoyaona tu nikashuku. Ufizi wake ulikuwa na rangi moja ya waridi mwanzo mpaka mwisho, na alipozungumza kwa haraka safu ya juu ilichelewa kidogo kumfuata. Mimi nimechanganya plasta ya meno ya bandia sijui mara ngapi!

"Fundi," nikamwuliza, "dawa hii wewe mwenyewe waitumia?"

"Kila Ijumaa, dada yangu."

"Basi hebu yavue, utupakie hapa mezani tuone."

Wauza vinyago wakaangua kicheko. Fundi akaniambia mwanamke sina haya. Mama mdogo akanikokota kwa buibui mpaka upande wa pili wa barabara.

"Wanitia aibu mbele za watu!"

"Mama, yule hana hata jino moja kinywani mwake!"

"Hata kama," akasema. "Huenda meno ni ya bandia na dawa ikawa ya kweli."

Nikajua atarudi peke yake. Basi siku ya kupamba sikwenda mikono mitupu. Kliniki meno yaliyong'olewa yalitiwa mkebeni yakingoja kuchomwa moto, nikamwomba Sista Mkuu moja, nikamweleza la nini. Akalifunga kwa pamba mwenyewe akanipa.

Nilifika mchana. Nyumba imejaa udi na asumini, wanawake wa pande zote mbili wamekwisha kuanza kukusanyika ukumbini. Chumbani nikamkuta Zuhura amekaa kitako, hina mikononi, na somo wake, yule mama amfundaye mwali, amemshika mdomo wa juu. Mama mdogo yuko mbele yake na kijiti kilichofungwa pamba. Chupa ya Fundi iko wazi, haina jina. Harufu yake ilinichoma pua tangu mlangoni.

"Ngojeni!" nikasema. Nikachukua kisahani, nikaweka lile jino la mkebeni, nikalidondoshea dawa ile. Likatoa vipovu vidogo vidogo. Nikalisuuza kwa maji, na wallahi lilikuwa jeupe pe.

"Mwaliona lilivyong'ara!" mama mdogo akapiga kofi kwa furaha.

Nikalikwangua kwa ukucha. Lile gamba likatoka kama chokaa mbovu ya ukuta, likabaki kwenye kidole changu. Kisha mama mdogo akanigeukia.

"Umeniletea jino la maiti siku ya furaha yangu?"

"Si la maiti, mama. Mwenyewe yu hai, ni kuli wa bandarini."

"Una kijicho, Rukia! Wewe umeachika, sasa wataka mwenzio asiolewe!"

Ni kweli nilikuwa nimeachika, na machungu yake yalikuwa hayajapoa. Lakini kuambiwa na yeye, mbele ya somo, machozi yakanitoka pale pale na wanja ukanichuruzika mashavuni. Kwa shaka zangu zote juu ya watu, sikuwahi kufikiri kwamba iko siku mama mdogo atanishuku mimi.

Zuhura akanyosha mkono akachukua kisahani. Akaligusa lile jino, akasugua ungaunga wake kati ya vidole.

"Dada Rukia, yule Daktari alisema si uchafu?"

"Si uchafu."

"Na wewe wasema si uchafu?"

"Zuhura, nakuapia."

"Basi mimi sina cha kusafisha," akasema. Akamwambia somo, "Dawa hiyo kaimwage chooni."

"Na Bi Shemsa je?" mama mdogo akalia.

Mwenye kupajua kwetu ajua mwali anavyokaa jukwaani siku ya kupamba. Macho chini, mdomo umefumbwa, hacheki, hasemi, hata inzi akimtua. Zuhura akapandishwa, dhahabu shingoni, asumini kichwani, wanawake wakaimba. Bi Shemsa amekaa mbele kabisa. Aliacha nyimbo zikatulia kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mwali, hebu tuchekee kidogo, tukuone."

Kila mtu alijua maana yake. Nilimwona mama mdogo ameshika nguzo. Na Zuhura akainua uso, akaufungua mdomo wake wote, juu na chini, kama mtu aliye kitini kwa daktari.

"Tazama, shangazi," akasema. "Sijatafuna kitu. Ni maji ya Bara niliyonyweshwa utotoni."

Mwali kasema jukwaani! Bi Shemsa akainuka, akapanda, akachukua ncha ya leso yake nyeupe ya mkononi akailowesha kwa marashi, akaanza kulisugua jino la mbele la Zuhura, alisugua kwa nguvu mpaka kichwa cha mtoto kikawa chaenda na kurudi. Kisha akaitazama leso. Akaigeuza. Akaiinua juu, akaionyesha kulia, akaionyesha kushoto. Ilikuwa nyeupe, haina hata doa.

"Si tambuu!" akatangaza. "Wallahi si tambuu wala si tumbaku! Mtoto ni safi!"

Ukumbi ukalipuka vigelegele.

Nami nimesimama mlangoni, na kazi yangu ndiyo hiyo. Rangi ya tambuu iliyokolea haitoki kwa ncha ya leso, hata uimwagie marashi ya mji mzima. Angekuwa mtafunaji wa miaka kumi, leso ingetoka safi vile vile. Pale palikuwa hapajathibitishwa chochote. Nikamtazama mama mdogo, amekaa sakafuni chini ya nguzo, alia na kucheka. Nikamtazama Zuhura. Nikaufumba mdomo wangu, kisha nikaufungua nikapiga kigelegele kirefu kuliko wote.

Mama mdogo hakuniomba radhi. Kesho yake aliniletea sinia ya biriani mwenyewe, kwa miguu, juani, akakaa mpaka nikamaliza kula. Zuhura alizaa na kulea, na meno yake yote yako mahali pake, na milia yake. Mimi niliendelea kliniki, baadaye nikatumwa kukagua meno ya watoto wa shule huko Ganjoni, mpaka nikastaafu. Chupa isiyo na jina bado sipiti karibu nayo. Na siku hizi zenye majina nazo nazishuku.

Juzi binti wa jirani alikuja na simu yake kunionyesha dawa, mara ya kupaka, mara ya kubandika, mara ya taa ya buluu, akitaka nimwambie ipi ni bora. Alizungumza amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Nani aliyekuambia yana uchafu?" nikamwuliza.

Nikamshika mkono, nikaushusha taratibu, nikamwambia afungue nione.