Pampu ya Mama na Wingu la Chupani

Asubuhi za Igamba, wakati wa kiangazi, ukungu hulala juu ya mibuni mpaka jua lipande kiasi. Nikiwa mtoto niliamini ukungu ule ni pumzi za watu wote waliolala, zimekusanyika nje zikingoja wenyewe waamke wazichukue. Niliamini pia kwamba pumzi ya mama ilichelewa kurudi. Ndiyo maana kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda ameinama, mikono juu ya magoti, akiivuta kidogo kidogo kama mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani.

Mama alikuwa na pumu. Dawa yake ilikuwa pampu ndogo ya buluu inayoenea kiganjani, na ilipatikana mbali, kwenye duka la dawa Tunduma. Ilikuwa miaka ya tisini. Zahanati yetu siku nyingine ilikuwa na vidonge, siku nyingine haikuwa na kitu, na pampu sikuwahi kuiona pale. Baba alinunua mwenyewe, na kila aliponunua, bati moja liliondoka nyumbani.

Mabati yaliegemea ukuta nyuma ya kitanda chao. Nilipofagia chumba, ufagio ukiyagusa, yaliunguruma taratibu kama mvua iliyoko ng'ambo ya mlima. Baba aliyanunua msimu mmoja kahawa ilipopata bei, ajenge jiko jipya lenye paa la juu na upenyo wa kutolea moshi. Jiko letu lililoezekwa nyasi lilikuwa jeusi ndani kama chungu cha zamani, na moshi wake ndio uliombana mama kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo tulikuwa tunauza jiko zuri ili kutibu madhara ya jiko bovu. Mwaka huo mabati yalibaki saba, na fundi alikuwa ameshasema chini ya sita asiitwe.

Sasa nieleze jinsi tulivyotumia pampu, maana hapo ndipo dawa ilipopotelea.

Baba alikuwa mpuliziaji wa kahawa. Majirani walimwita awapulizie mashamba dhidi ya ugonjwa wa kutu ya majani, na alirudi nguo zake zikiwa na madoa ya buluu ya mrututu, dawa ya mibuni. Alipoona pampu ya mama nayo ni ya buluu, alijua la kufanya. Dawa haisogezwi karibu na jani, itaunguza. Upepo ukivuma, ngoja. Piga upande huu, piga na upande ule. Kwa hiyo mama alifungua mdomo, baba akasimama hatua moja mbele yake, akachungulia mlangoni kama upepo umetulia, kisha akapuliza: pssi shavu la kulia, pssi la kushoto. Jua lilikuwa linaingia kwa pembeni, na wingu jeupe likaelea kati yao kwa muda, zuri kabisa, halafu likaondoka na vumbi. Nililipenda wingu hilo. Sikujua kwamba ninatazama bati letu likipaa.

Kahawa ilikuwa bado inakauka, malipo yako mbali, na pampu ikaisha mapema kuliko zote. Baba alifunga mabati mawili kwa kamba. Alitaka pampu mbili kwa mpigo. Tulipanda basi, mimi, mama na yeye, mabati yakiwa juu ya keria.

Tunduma, kwa mtoto wa shambani, ilikuwa kama ndoto ya mtu mwenye homa: malori yaliyopangana hadi mpakani, watu wakihesabu kwacha na shilingi kwa kidole kimoja, Kibemba na Kinyamwanga vikipishana juu ya kichwa changu. Baba aliuza bati moja haraka. La pili alikuja nalo mpaka mlangoni mwa duka la dawa, akimsubiri mnunuzi aliyefuata pesa.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi. Alimtazama baba, akatazama bati.

"Baba, wewe tena? Hii pampu mnaila na ugali?"

"Dada yangu, kifua hakina huruma. Leo nipe mbili."

"Sikupi hata moja mpaka nione anavyoivuta."

Akatoa pampu yake ya kuonyeshea. Baba aliipokea kwa fahari, akarudi nyuma hatua moja, akaangalia upepo wa barabarani. "Fungua, mama watoto." Pssi kulia, pssi kushoto.

Wateja waliangua kicheko. Muuguzi alishika kaunta.

"Baba! Unapulizia kahawa au mke?"

"Ukiisogeza inaunguza jani," baba alisema, halafu akasikia alichosema mwenyewe, akaishusha pampu.

Mama, ambaye hatukuwa tumemsikia akicheka siku nyingi, alicheka, akasema kwa pumzi yake fupi, "Mwache, dada. Si unaona sijapata kutu hata kidogo?"

Muuguzi alijifuta machozi, akavuta kiti karibu na mama. Alieleza polepole, na mpaka leo nikieleza watu nafuata mwendo wake. Dawa hii, alisema, kazi yake iko chini kifuani, na ninyi mnaiacha shavuni na hewani. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ndogo, safi. Toboa kitako chake, tundu la umbo la mdomo wa pampu, liibane pampu, lisipitishe hewa. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute. Tikisa pampu, ichomeke, bonyeza mara moja tu, na mama avute taratibu kwa mdomo wa chupa, mara nne au tano. Wingu litamngoja humo ndani.

"Na msije mkamnyima," alimwambia baba. "Akibanwa, apate. Asipopata nafuu, mkimbilie hospitali, msihesabu kitu. Ninachotaka ni kila unachobonyeza kimfikie."

Alituuzia pampu moja. Baba alitoka, akamwambia mnunuzi wa bati kwamba amebadili mawazo. Tulirudi nalo, na njia nzima lilikuwa likiimba juu ya vichwa vyetu.

Baba alitoboa chupa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, akazungushia plasta kwa uangalifu. Muuguzi alikuwa amemwonyesha idadi ya mipulizo iliyoandikwa kwenye pampu. Akatia punje za kahawa idadi hiyo hiyo kwenye kopo, na kila mpulizo alitoa moja, ajue zimebaki ngapi. Asubuhi ya kwanza mama alishika chupa kwa mikono miwili. Wingu lilijaa ndani, likatulia, likazunguka kidogo kama ukungu wa nje. Halikwenda popote. Mama akalivuta, likapungua, likaisha, na mabega yake yakashuka.

Nilihisi pumzi yake imerudi nyumbani.

Kopo bado lilikuwa na punje siku kahawa ilipolipwa. Fundi aliitwa, mabati sita yakapanda juu, na moshi ukapata njia yake kwenye upenyo. Siku ya kwanza mama alipika bila kutoka nje kuvuta hewa. Chupa ilikuwa imeoshwa, imelazwa kwenye kichanja cha kuanikia kati ya kahawa ya mwisho, inakauka juani. Baba alipita pale, akasimama, akaangalia upepo, akaisogeza mahali ambapo vumbi halikufika.