Chakula cha Paka Asiyekuwepo

Huko Ohio, kila Jumapili Darlene Pruitt alinunua magazeti sita na hakusoma hata habari moja. Alishika mkasi, akakata kuponi zote za punguzo na kuzipanga kwenye faili nene kuliko Biblia yake. Gereji ya nyumbani ilijaa bidhaa za kuponi, zikiwemo chupa themanini za haradali, gari likawa linalala nje kwenye theluji.

Siku moja alirudi na makopo mia mbili ya chakula cha paka.

"Mke wangu, sisi hatuna paka," mumewe Vern alisema.

"Nimepata karibu bure! Wewe ungeyaacha?"

"Ningeyaacha, ndiyo. Au unataka nile mimi?"

Darlene hakukubali kushindwa. Kesho yake alikwenda kuchukua paka. Paka akanusa kopo la kwanza, akanusa la pili, akawapa mgongo. Alitaka samaki, tena samoni mbichi.

Dukani, keshia aliyemzoea alinyoosha mkono. "Haya mama, lete kuponi."

"Leo sina," Darlene alinong'ona, akiangaza huku na huku asije akaonekana. Akalipa bei kamili.

Jioni hiyo paka alikula samoni. Vern alikula mkate na haradali.