Herufi ya H Iliyoanguka Njiani

Tangu wanangu watawanyike ng'ambo na mama yao alazwe makaburini, nyumba yangu ya mtaa wa Nguba imekuwa na viti vingi kupita haja. Jumapili moja, baada ya misa, kimoja kilipata mtu: mama mkulima wa Nyantende, aliyeambiwa parokiani kwamba mimi ndiye ninayelinganisha majina.

Mashimo ya dhahabu yalikuwa yameporomoka huko Shabunda. Vituo vya afya vilituma faili zenye majina ya majeruhi. Parokia nayo ilikuwa na orodha ya vijana wanaotafutwa na jamaa zao. Mwanawe alikuwa katika orodha hiyo. Alitaka kujua kama alikuwamo pia katika faili mojawapo.

Kazi hiyo ya kulinganisha mimi huifanya kwa Perl, lugha ya kompyuta ambayo wanafunzi wangu huicheka kwa uzee wake. Majina ya faili zote huyatia katika hash, iliyo kama kabati la droo, kila droo na jina lake. Kisha hupitia orodha na kuuliza, jina kwa jina, kama droo hiyo ipo. Hash haikisii. Kwa hilo naiheshimu, katika mji ambamo watu hukisia na kuapa juu yake.

Jibu lilitokea mara moja: jina halimo katika faili yoyote.

"Masini inasema nini, papa?"

"Inasema hayuko mu mafichier, maman."

"Hayuko mu mafichier, ao hayuko?"

"Mu mafichier tu. Ingine haijui."

"Basi iko sawa na mupolisi wa barrière ya barabara. Karte yako ikuwe na kosa moja, weye si mutu tena."

Sikucheka, ila nililitazama jina upya. Lilikuwa na r na h zikifuatana, kama tunavyoandika sisi wasemaji wa Mashi. Mwandishi wa Shabunda asiyeijua lugha yetu angeandika r peke yake, na kwa hash hayo ni majina mawili yasiyojuana. Niliongeza mstari mmoja wa kuifuta h hiyo pande zote mbili, nikaendesha programu tena. Droo ilikuwapo.

Lakini hilo halikutosha. Ukifuta herufi, majina ya watu wawili huweza kuangukia droo moja, na kumfariji mama kwa mtoto wa mama mwingine ni ukatili, hata ukifanywa kwa huruma. Niliifungua faili yenyewe, nikausoma mstari mzima: r bila h, mguu umevunjika, jina la baba, kijiji Nyantende. Nilimuuliza jina la baba wa kijana. Lilikuwa lile lile. Ndipo nilipomwambia.

"Nani aliandika jina yake mubaya vile?"

"Mutu hajue Mashi, maman."

"Mungu amubariki. Na amufundishe kuandika."

Alikuwa tayari amesimama, akifunga kitenge. Nilimwambia mvua imeanza, amalize kwanza chai niliyomwandalia.

"Mutoto iko na muguu ya kuvunjika, na miye ningoje mvua?"

Akashika njia ya mtaa wa Nyawera kutafuta gari la Shabunda. Kabla ya kuendelea na majina yaliyobaki, nilifuta neno "hayuko" katika programu yangu, nikaandika "hakuandikwa humu". Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Niliinywa mimi.