Kinyozi Aliyenyoa Kiko

Kinyozi huyu hana unywele hata mmoja kichwani, na mtaa mzima unamwita Kipara. Tena yeye mwenyewe ndiye anayelitangaza jina hilo kuliko wote. Mteja mgeni akisita mlangoni, akijiuliza imekuwaje mwenye upara ndiye ashike wembe, Kipara humwambia aingie tu bila wasiwasi: kazi alijifunzia kwenye kichwa chake, bahati mbaya hakujua pa kuishia. Mteja hucheka, hukaa kitini, hunyolewa. Ni fundi kweli, hilo hata wasiompenda wanalikubali. Ila ana kiherehere. Akiona unywele umejificha nyuma ya sikio la mtu anayejipitia zake barabarani, mkono unamuwasha.

Sasa huyo mkwewe. Baba wa mkewe alikuwa mkaguzi wa shule mpaka akastaafu, na mpaka leo hajaacha kukagua. Anakagua kuta, anakagua kucha, anakagua hata namna mtu anavyomwamkia. Alitaka binti yake aolewe na mwalimu. Binti akajichagulia kinyozi, tena kipara. Mzee alikuja harusini, akala, akaaga, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwao. Wajukuu walikuwa wakipelekwa kwake, wanakaguliwa masikio, wanarudishwa. Mama yao, kila baba yake alipotajwa, aliinamia sufuria hata kama ndani hamna kitu.

Halafu Jumapili moja, saa kumi alasiri, hodi mlangoni. Mzee huyo, na kofia yake, na kiko chake kimefungwa kwenye leso. Hata kukaa hajakaa, akaeleza kwamba daktari amempiga marufuku tumbaku. Lakini kiko kisipovutwa hukauka kikapasuka, kwa hiyo ni lazima apatikane mtu wa kukivuta, na kwa kuwa yeye hakujaliwa mtoto wa kiume, basi. Hapo aliposema "basi" alimtazama Kipara kuanzia upara mpaka kandambili. Yeye mwenyewe atakuwa anakuja kila Jumapili kuangalia kama kinatunzwa. Binti yake akakimbilia jikoni, akalia mpaka chai ikafurika jikoni kote.

Kipara hakuwahi kuvuta kitu maishani mwake. Jumapili ile alikohoa machozi yakamtoka, iliyofuata akakohoa kidogo. Mzee alikaa kwenye kiti cha dirishani, akanusa moshi wake aliokatazwa, akasahihisha hesabu za wajukuu, akaenda zake. Mke wa Kipara akaanza kuimba asubuhi. Miaka yote ya ndoa yao Kipara hakujua kwamba mkewe anaimba, na alimpenda upya kwa ajili hiyo.

Mtu mwingine angeachia hapo. Kipara? Thubutu!

Jumatatu vinyozi hawana wateja, na kinyozi asiye na mteja ni hatari kwa kila kilichoota kitu. Akakichukua kiko, akachungulia ndani ya bori, yaani kile kichwa cha kiko kinachotiwa tumbaku. Mungu wangu, uchafu! Ukoko mweusi, mgumu, umejishika pande zote kama sufuria ya wali iliyosahauliwa motoni. Akamhurumia mkwewe, mtu nadhifu vile, kuvutia kwenye jalala miaka yote. Akatoa wembe wa zamani. Akakwangua taratibu, kwa ustadi wote aliopewa na Mungu, mpaka mti ukaonekana mweupe. Akapangusa kwa spiriti. Akakishika kwenye mwanga, akajiona kwenye kioo cha dukani akitabasamu peke yake, na wala hakujishuku.

Kisha akaanza mazoezi ya kuvuta. Alikuwa na imani kwamba kiko kikizimika mdomoni mwa mtu, mtu huyo amefeli, na mbele ya mkaguzi hakutaka kufeli. Kwa hiyo kila siku dukani alivuta kama mtu anayepuliza mkaa mbichi, mashavu ndani nje, hana pumzi hana nafasi ya kusalimia. Bori likapata moto hata halishikiki, akawa anakihamisha mkono huu na ule. Alhamisi akaona doa la kahawia ubavuni, upande wa nje. Akalipaka rangi ya viatu. Naam, rangi ya viatu, mtu mzima, baba wa watoto! Jumamosi asubuhi doa likatoboka, kaa likaangukia shati lake jipya, na mteja aliyekuwa kitini akatoka mbio na nusu ya ndevu.

Akakimbilia kwa bibi muuza tumbaku, nyuma ya soko. Bibi akaingiza kidole ndani ya bori, akanusa, akauliza nani amepaka kiko rangi ya viatu. Kipara akajibu kuna mpumbavu mmoja anamfahamu. Bibi akamweleza kwamba viko hutoboka kwa sababu nyingi. Kuna mti wenye ufa au uozo uliojificha ndani. Kuna watu wanaowasha kwa moto mkali, daima upande uleule. Tumbaku mbichi nayo humfanya mvutaji avute kwa nguvu, na anayevuta kwa pupa huunguza hata mti mzima usio na kasoro. Lakini hiki, alisema, kimevuliwa nguo kwanza, ndipo kikatupwa motoni.

"Ule weusi haukuwa uchafu, mwanangu," bibi akasema. "Ule ndio uliokuwa ukiubeba moto. Mti ulikuwa umeukumbatia tu."

Kipara akauliza kama kinazibika. Bibi akasema angeweza kukiziba kwa majivu na udongo, kikashika siku mbili tatu kisha kikatoboka tena, na mwenye pua yake angejua tangu pafu la kwanza. Na ukoko wenyewe hauuzwi. Aliyeuweka aliuweka kwa miaka.

Kipara akarudi nyumbani akijihesabia heshima zake: baba mkwe anamwamini mara moja tu maishani, yeye anachukua wembe. Alijipalia makaa, safari hii makaa yenyewe hasa. Akamwonyesha mkewe lile tundu. Alitegemea atakaripiwa, na angekaripiwa angepona. Mkewe alikaa tu kwenye kigoda.

"Baba hatakuja tena," akasema.

Hakulala vizuri Kipara. Alifikiria kusema kiko kimeibwa, akafikiria kujifanya mgonjwa, akaona vyote vinataka akili ambayo kama angekuwa nayo yasingemfika haya.

Saa kumi mzee akaingia, akatundika kofia, akakaa dirishani. Kipara akaleta kiko kwenye kisahani, tundu likiwa juu, akabaki amesimama na mikono nyuma. Mzee akavaa miwani. Akapitisha kidole kidogo cha mkono kwenye lile tundu, kikatokea ndani ya bori.

"Eleza sababu," akasema.

Kipara akaeleza zote, ukoko, wembe, spiriti, kuvuta kwa pupa, hata rangi ya viatu hakuificha, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Nani alikutuma ukisafishe?"

"Hakuna, baba. Kiherehere changu tu."

Mzee akavua miwani. Akainuka, akaenda kuchukua kofia yake. Mkewe Kipara alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amekamata fremu kwa mikono miwili. Mzee akaishika kofia, akaizungusha, hakuivaa. Alipogeuka, uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyefika kituoni na basi limeshaondoka.

"Sasa mimi," akasema, "nitakuwa nakuja hapa kwa sababu gani?"

Kipara akamwangalia. Wiki zile zote alijiona mtunza kiko, akajisifu, akajipa madaraka. Kumbe mzee hakuwa na shida ya kiko hata kidogo. Alishindwa tu kuja kwa mwanawe mikono mitupu baada ya kununa miaka yote ile. Kipara akakohoa, na leo hapakuwa na moshi.

"Uje unikague, baba," akasema. "Makosa ninayo ya kutosha. Muulize mwanao."

Mzee akamtazama binti yake. Binti akatikisa kichwa kukubali.

"Kila Jumapili?" mzee akauliza.

"Kila Jumapili. Kosa jipya."

Mzee akafikiri kwa makini, kama anayepewa kituo kipya cha kazi.

"Iwe saa kumi kamili," akasema. "Na liwe kosa la maana, sitaki ya kitoto." Akairudisha kofia kwenye msumari, akakaa. "La leo bado sijalimaliza. Mwambie mwenzio alete chai."