Risiti Chini ya Cherehani

Kila kitu nilichonunua Riyadh kilikuwa na risiti, na kila risiti niliibandika kwa seloteipu chini ya kitu chenyewe. Sufuria, pasi, vikombe, vyote. Hiyo haikuwa tabia yangu ya kuzaliwa. Nilifunzwa mtaa wa Malaz, kwenye nyumba niliyofanya kazi za ndani miaka mitatu, pale pete ya madam, mwajiri wangu, ilipopotea mwezi wangu wa pili. Alipekua begi langu, akapekua godoro, akafungua hata chupa yangu ya mafuta ya kujipaka na kuingiza kidole ndani. Pete ilipatikana kesho yake kwenye pindo la kochi. Hakuniomba radhi. Ila kuanzia siku hiyo aliweka sheria kwamba kitu chochote kitakachoonekana chumbani kwangu kiwe na fatura, yaani risiti, na kisicho na fatura ni cha nyumba.

Nilikasirika, kisha kwa hasira zile zile nikaitii sheria kuliko yeye mwenyewe alivyotarajia. Sikuvitoa vitu vyangu hata kwenye maboksi. Kikombe changu kikishatumika na kuoshwa kwenye sinki moja na vyake, nani angejua kipi ni cha nani? Kitu kipya ndani ya boksi lake, risiti imebanwa chini, hicho ndicho kilikuwa changu bila ubishi. Basi nikalala miaka mitatu chini ya blanketi la nyumba, langu la maua likiwa kwenye nailoni yake kando ya kitanda. Nikanywa chai kwa kikombe cha plastiki nilichopewa siku ya kwanza, vyangu sita vya udongo vikiwa vimefungwa kwa magazeti ya Kiarabu. Vitu vyangu nilikuwa navila kwa macho tu.

Juu ya rundo lile kulikuwa na cherehani. Ilikuwa ya umeme, nyeupe, na niliinunua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kabla sijaondoka Kenya nilikuwa nimeanza kozi ya ushonaji, nikaiacha karo iliponishinda. Mpango wangu ulikuwa rahisi, na niliurudia kichwani kila nilipopiga pasi kanzu za baba, mume wa madam: nikirudi nyumbani na cherehani hii, nakodi kibanda sokoni, nashona sare za shule, na sirudi tena Saudia. Bila cherehani, nilijua nitakaa nyumbani miezi michache, halafu nitajikuta kwa ajenti nikitia sahihi miaka mingine miwili. Wengi walikuwa wamefanya hivyo. Sikuwa mjanja kuwashinda.

Mkataba ulipokaribia kwisha nilimpigia simu mtu wa kago. Alikuwa Mkenya, ofisi yake iko Bani Malik, Jeddah, na kila baada ya wiki kadhaa alikuja Riyadh na lori kukusanya mizigo ya watu wanaorudi nyumbani. Alipofika Malaz, madam alisimama mlangoni. Nilikuwa nimejitayarisha. Kila boksi nililolitoa nililigeuza chini juu, naye akasoma risiti, tarehe na jina la kitu, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika kwenye cherehani alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Halas, yalla," yaani basi, haya nenda, na kuingia ndani. Sitasema uongo, nilijisikia kama niliyeshinda kesi. Miaka mitatu ya kujinyima kikombe changu mwenyewe ilikuwa imenilipa, na hakuna hata kijiko kilichobaki nyuma kwa kukosa ushahidi.

Nafasi ya lori kwenda Jeddah ilikuwa imeshachukuliwa na wengine safari hiyo, kwa hiyo tulikubaliana avishushe vitu vyangu mtaa wa Shumaisi hadi safari ijayo, kwa rafiki yangu mmoja wa Mombasa aliyekuwa mfagizi wa hospitali. Yeye na wanawake wengine watano walipanga chumba kimoja chenye vitanda vya ghorofa. Mtu wa kago alitua boksi la mwisho sakafuni, akalifungua kidogo, akafungua la pili, akakaa juu ya la tatu.

"Sista," akaniambia, "hii si mizigo ya mtu anayerudi home. Hii ni stoo ya duka."

Alinieleza taratibu, na wala hakuwa mtu mbaya. Forodha ya kwetu humruhusu anayerudi kuishi nyumbani, baada ya kukaa nje miaka miwili au zaidi, kuingiza vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru. Lakini viwe vyake mwenyewe, awe amekuwa navyo na amevitumia angalau mwaka mzima, na vifike karibu na siku anazofika yeye. Kitu kipya ndani ya boksi, chenye risiti, huhesabiwa kama bidhaa, na bidhaa hutozwa ushuru. Ushuru wa cherehani na vinginevyo ungemeza pesa yote ya kibanda. Na kama sikulipa, mzigo ungebaki bohari mpaka uuzwe.

Kwa madam, kitu kilichotumika kilikuwa cha kushukiwa, na kipya chenye risiti kilikuwa changu. Kwa serikali yangu, kipya chenye risiti kilikuwa cha kushukiwa, na kilichochakaa ndicho changu. Nilitamani niwakutanishe wale wawili chumba kimoja wabishane, mimi nipumzike. Nilitaka kulia, nikacheka, na rafiki yangu akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua.

Mtu wa kago alisema atarudi baada ya wiki tatu. Alipoondoka, rafiki yangu alikuwa tayari ana dawa. Aliingia jikoni akatoka na stilwuli. Tukwangue sufuria, akasema, tukwangue pasi, na cherehani tuipitie kidogo ubavuni, itazeeka kwa siku moja. Aliishika cherehani kweli kweli, nami nikamshika mkono. Nilimwambia atakwangua uso wangu kwanza.

"Basi ishone," akasema. "Cherehani si picha ya ukutani, mwanamke wewe. Wataka itumike, itumie."

Madam alikuwa ameanza kunipa ruhusa ya kutoka Ijumaa mchana mwaka ule wa tatu, kwa hiyo nilikuwa na Ijumaa tatu. Ya kwanza nilifungua maboksi yote. Tulipika wali kwenye sufuria yangu, ukashika chini, na hakuna aliyejali. Tulikunywa chai kwa vikombe vyangu. Blanketi aliazimwa mmoja wao aliyekuwa na homa. Kisha nikaichomeka cherehani. Nilivunja sindano mbili kabla ya alasiri kwisha, nikashona mshono uliopinda kama njia ya mbuzi, nikaufumua, nikaurudia. Kabla ya magharibi mkono ulikuwa umeanza kukumbuka.

Ijumaa ya pili walileta mashuka ya zamani. Katika chumba cha watu sita hakuna mahali pa kubadilisha nguo wala pa kulia peke yako, na walitaka pazia la kuzunguka kila kitanda. Nilishona mapazia sita, Ijumaa ya pili na ya tatu, na kila moja lilipotundikwa mwenyewe aliingia ndani, akalifunga, akakaa humo kimya kwa dakika kadhaa. Rafiki yangu alikaa mpaka nikamwita. Alipotoka alisema tu kwamba sasa ana nyumba. Niliona uchungu na fahari kwa pamoja. Miaka miwili mashine ile ilikaa nikiiogopa, na kumbe ilikuwa na kazi ya kufanya.

Niliondoka Saudia kupitia Jeddah, nikapita ofisi ya kago kutia sahihi orodha ya vitu. Kulikuwa na mstari unaosema nimevitumia vyote kwa mwaka au zaidi. Mtu wa kago alinisukumia kalamu, akasema kila mtu hutia sahihi hapo. Niliomba aandike kama ilivyo: nimekuwa navyo zaidi ya mwaka, na vimetumika. Aliguna, akaandika. Nilikuwa nimechoka kushukiwa, sikutaka safari hii washuku wakiwa na haki.

Wiki kadhaa baadaye nilisimama katika bohari ya Mombasa mbele ya afisa wa forodha, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alipita haraka kwenye sufuria yenye ukoko mweusi na blanketi lililonuka dawa ya kuchua. Kwenye cherehani alisimama. Aliigeuza, akaona risiti, akaisoma.

"Tia uzi," akasema.

Nilitia. Juu, chini ya kibanio, kwenye ndoano, ndani ya tundu la sindano, bila kuangalia sana. Aliniangalia mimi badala ya mashine.

"Umeitumia mwaka?"

Nilikuwa na jibu moja jepesi, neno la herufi tano tu. "Imekuwa yangu zaidi ya mwaka," nikasema. "Kuitumia ni Ijumaa tatu. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye nyumba ya watu. Hakukuwa na mahali pa kuitumia."

Alivuta kipande cha uzi mweusi kilichokuwa kimenasa chini ya sindano, akakiweka mezani. Aliniuliza kama nitarudi tena huko. Nilimwambia hiyo itategemea yeye. Hakucheka. Aliandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa nilizoweza kusoma hata nikiwa upande wa pili, kwamba ni chombo cha nyumbani, kimetumika, ni cha mwenyewe. Nilipotoka nje nililia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Ningeishia hapo kama ningetaka kujisifu. Lakini yako mengine. Wiki ya pili nyumbani nilikwenda sokoni kuangalia kibanda, na niliporudi nilimkuta mama ameketi mbele ya cherehani. Umeme ulikuwa umefika kwetu nikiwa sipo. Alikuwa anajaribu kukunja pindo la leso yake, na sindano ilikuwa imevunjika. Nikasikia sauti, baridi na ya taratibu, ikisema, "Nani amekuruhusu kuigusa?"

Ilikuwa sauti yangu. Mama aliondoa mikono haraka, akaificha mapajani chini ya leso, akaanza kunieleza kwamba hakujua, kwamba atanunua sindano nyingine. Niliifahamu mikono ile. Miaka mitatu niliificha yangu hivyo hivyo, kila madam aliponikuta karibu na kitu kizuri.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwomba msamaha, naye akasema si kitu, mwanangu, kitu ni chako. Nikamwambia ndiyo, ni changu, kwa hiyo nakuomba ushone. Nilitia sindano mpya, nikaweka mikono yake juu ya kitambaa na yangu juu ya yake, tukakunja lile pindo mpaka mwisho. Lilipinda vibaya sana. Kisha niliigeuza mashine, nikaibandua risiti, ikatoka na ngozi nyembamba ya seloteipu, nikampa mama awashie jiko.