Kambare Aliyekwenda Ukweni

Aliyeniambia kwanza kwamba kambare huvuka mlima ni bibi, mama wa mama yangu, nilipokuwa mtoto kule Matogoro. Juu ya nyumba yake kulikuwa na kinamasi, na humo vilianzia vijito viwili, kimoja kikishuka kwetu, kingine ng'ambo. Bibi alisema mvua kubwa zikinyesha, kambare wa kwetu huenda ukweni upande wa pili. Ukikutana naye njiani umwamkie, usimle.

Biashara ya watu binafsi ilikuwa imeruhusiwa miaka hiyo, na kila mtu alitafuta kitu cha kuuza. Mjomba Fidelis akataka kujenga tuta katikati ya kinamasi, akaushe upande mmoja, apande kabichi za kupeleka sokoni Lizaboni.

"Utawafungia njia," bibi alisema.

"Mama, samaki hana miguu! Nionyeshe hata mmoja aliyevuka, na tuta silijengi."

Bibi aliendelea kupukuchua mahindi, kwa nguvu kuliko kawaida, nami nikamwonea huruma. Lakini nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija, ningesema nini? Jumamosi, nilipokwenda kuteka maji, nilikuta kambare mdogo amekwama kwenye kidimbwi chetu. Nilifumua uzi mwekundu kwenye mkono wa sweta yangu ya mtumba, nikaupitisha kwenye pezi lake kwa sindano niliyoikimbilia nyumbani, nikafunga fundo, nikamwachia kijitoni.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Jumanne mchana mjomba alirudi kutoka ng'ambo, alikokuwa ametega mgono, ule mtego wa kusuka. Alikuwa anacheka tangu mbali.

"Jamani, njooni! Huko kambare wanavaa mitumba!"

Majirani wakajaa uani. Bibi hakumtazama samaki. Alitazama mkono wa sweta yangu.

"Uzi huo wa nani?"

Nikinyamaza, kambare ataingia chunguni na tuta litajengwa.

"Wangu. Nilimwachia huku kwetu. Jumamosi."

Mjomba akanishika mkono, akalinganisha uzi na sweta, mara ya kwanza, mara ya pili. "Kumbe huyu naye ana mdomo!" Watu wakaangua kicheko. "Haya, mama, umeshinda. Kabichi nitapanda pembeni."

"Na mgeni wetu?"

"Mgeni alale kwenye ndoo."

Leo nina mtoto wangu mwenyewe, na najua kwamba mvua ikizidi kinamasi hufurika, maji yakashuka pande zote mbili, na kambare hujiburuta hata kwenye majani yaliyolowa. Habari za ukweni sina hakika nazo. Ila bibi aliutazama mlima ule miaka mingi kuliko sisi sote, akasema alichokiona kwa namna ambayo mtoto hawezi kusahau. Mbele ya watu bado nasema kidogo. Siku ile tu nilisema ya kutosha.

Kesho yake asubuhi nilimbeba kambare kwenye ndoo hadi ng'ambo, kwa wakwe zake. Nilikata uzi, nikatazama huku na huku, na nilipoona hakuna mtu, nikamwambia, "Shikamoo."