Veridiana wa Nambudi, Aliyeketishwa Nje ya Kanisa

Alizaliwa Chiwata mwaka 1903, majira ya kuvuna mtama, mtoto wa kwanza wa mwalimu wa dini Selestini na mkewe Maria. Mdogo wake aliyemfuata alibatizwa kama yeye, lakini alipoolewa na Dadi, mkulima Mwislamu wa kijiji cha Nambudi, juu ya uwanda upande wa Newala, alisilimu akaitwa Esha. Mwalimu Selestini alihuzunika, ila hakumfukuza mwanawe. Aliketi kwenye harusi akala pamoja na wakwe. Baadaye Veridiana naye aliolewa Nambudi, akamzaa Petro, akafiwa na mume mapema. Dada hao wawili walilima shamba moja la mtama na mihogo, na mikorosho yao waliipanda bila mpaka katikati.

Tangu utotoni Veridiana alikuwa na hasira. Waliomjua hawalifichi jambo hili, nasi tusilifiche kwa kutaka kumpamba. Njiani kwenda Lisekese aliwahi kumpokonya fimbo mwanamume aliyekuwa akimpiga mkewe, akaivunja kwa goti lake. Kila Kwaresima aliungama hasira, na kila Pasaka aliamka nayo. Alimwomba Mungu amwondolee, na Mungu hakumwondolea.

Nambudi haina maji. Wanawake hushuka genge hadi bondeni, hujaza mitungi, hupanda nayo kichwani. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Ramadhani ulipofika, wanawake wa Kikristo walishuka kuwachotea maji jirani zao waliofunga. Asubuhi ya Krismasi wanawake wa Kiislamu walitwanga kwa niaba ya wenzao walio kwenye Misa. Ijumaa Kuu hapakulia ngoma, na Mwalimu Husseni, aliyefundisha Kurani, ndiye aliyewanyamazisha watoto. Wakati wa Maulidi mabenchi ya kanisa yalibebwa hadi uwanja wa msikiti. Baada ya mavuno watoto wa nyumba zote walichezwa jando na unyago pamoja. Na Jumapili ya Malimbuko kila nyumba ilipeleka mazao ya kwanza kanisani, Esha naye na kikapu chake cha makopa ya mihogo mikavu, kwa kuwa ghala la kanisa lilikuwa la kijiji kizima katika miezi ya njaa.

Mwaka 1950 mvua ilikatika mtama ukiwa bado mchanga. Agosti ya mwaka huo aliletwa Padre Nikolao. Tumpe haki yake: alikuwa mtu wa sala na mfungo, na mwenendo wake ulikuwa safi. Lakini aliupenda usafi kuliko alivyowapenda watu. Majilio yalipoanza alitangaza kwamba Mkristo atakayekwenda Maulidi atatengwa na Meza ya Bwana. Mwalimu Husseni aliposikia aliona ametukanwa, naye akatangaza siku ya Ijumaa kwamba Mwislamu atakayeonja chakula cha Krismasi asijihesabu kuwa mtu wa msikiti wake. Basi watu walionyonya maziwa ya mama mmoja wakaanza kukwepana njiani. Wanaume wawili waliosoma vitabu vya Mungu walikibomoa kwa muda mfupi kile ambacho wazee wasiosoma walikuwa wamekijenga tangu zamani.

Maulidi ya mwaka ule yaliangukia Ijumaa, tarehe 22 Desemba. Mchana kweupe Veridiana alipita mbele ya nyumba ya padre na mtungi wa maji kichwani, akamsalimu, akaenda kuketi na wanawake msikitini kama kila mwaka. Jumapili jina lake lilisomwa altareni. Padre akaongeza neno ambalo Nambudi haijalisahau: kesho, siku ya Krismasi, ghala litafunguliwa, ila kwa Wakristo walioshika agizo tu. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa zikiishi kwa kuchimba ming'oko, mizizi ya porini. Fatu, binti wa Esha, alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Watu walisikia, wakainama.

Asubuhi ya Krismasi Veridiana alichukua mchi wa kutwangia, akaenda ghalani. Petro, aliyekuwa mzee wa kanisa, alimkimbilia.

"Mama, rudi nyumbani. Utatutia aibu."

"Aibu imekwisha kuingia, mwanangu. Imefungiwa humo ndani pamoja na mtama."

Alipiga kufuli hadi likaachia. Padre Nikolao akatoka kanisani na mavazi ya Misa mwilini.

"Mama Petro," alisema, "unaiba sadaka ya Mungu siku aliyozaliwa Mwanawe."

Veridiana aliinua kikapu cha Esha mbele ya uso wake. "Hiki alikileta mdogo wangu kwa mikono yake, na padre aliyekutangulia akakibariki. Baraka ile imekwisha lini? Nitajie siku, Padre."

Veridiana akagawa mtama, kunde na makopa kwa kila aliyefika. Waislamu hawakufika, kwa kuwa walimwogopa mwalimu wao. Hapo hasira yake iligeukia upande wa pili. Alijitwika kikapu kile cha Esha, akaenda hadi mlangoni kwa Mwalimu Husseni.

"Hodi, Mwalimu. Mjukuu wa Dadi analia njaa, nawe umemtafutia aya ya kumnyima chakula cha bibi yake. Ipo? Nisomee nisikie."

Sikuzani, mke wa Husseni, alitoka nyuma ya mumewe, akakipokea kikapu bila kuomba ruhusa, akakipeleka kwa Fatu. Kuona hivyo, Waislamu wengine wakamfuata Veridiana kwenda ghalani.

Padre alimhukumu Veridiana kukaa nje ya kanisa mwaka mzima. Hakuhama wala hakuacha kusali. Siku ya Majivu alikaa nje. Pasaka, tarehe 25 Machi 1951, alikaa nje katika mvua, akiitikia Misa kwa sauti iliyosikika hadi altareni. Siku ile Esha alikuja na mkeka, akaketi naye. Jumapili iliyofuata alikuja Sikuzani, kisha wanawake wa Kikristo waliona haya kuingia wakimpita. Ilipofika Pentekoste walioketi nje walikuwa wengi kuliko walioketi ndani. Padre alimtuma Petro amwambie mama yake kwamba akitubu atapokelewa siku hiyo hiyo.

"Nitatubu kuvunja kufuli," alijibu. "Lilikuwa mali ya watu. Kugawa sitatubu."

Padre alitaka yote mawili. Mvua zile zilimwachia Veridiana kikohozi kilichoshuka kifuani, na Septemba alilala asiinuke. Siku ya Idi ya kuchinja Esha alimletea mchuzi, akanywa kidogo. Petro aliuliza kama amwite padre.

"Aje," alisema mama yake, "ila masharti ayaache huko huko."

Padre hakuja. Veridiana alifariki kesho yake, bila mkate wa Meza ya Bwana, aliokuwa na njaa nao tangu Krismasi. Na dhambi ya kumnyima haikuwa yake. Alinyimwa hata makaburi ya kanisa, akazikwa katika shamba la dada wawili. Mwalimu Husseni alichimba kaburi kwa mikono yake, akilia mbele za watu. Padre Nikolao alisimama mbali barabarani, na kabla ya mwaka kwisha aliomba kuhamishwa.

Inasimuliwa kwamba mtama aliougawa ulidumu hadi mavuno mapya. Waliokuwepo hawapatani juu ya kiasi kilichokuwamo ghalani. Wanachopatana ni kwamba hakuna mtoto aliyezikwa Nambudi msimu ule, na kwamba maziwa ya Fatu yalirudi. Mwenye kutaka kumfuata Veridiana asijihangaishe kutafuta upole ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Amwombe Mungu amfundishe kukasirika mahali panapostahili, na jirani anapofanya sikukuu, aende.

Mwaka 1960 wazee wa kanisa, wengi wao wakiwa ndio wale walioinama siku jina lake liliposomwa, walimwendea Esha. Walitaka kumtengea Veridiana siku yake katika mwaka, yenye Misa na karamu, wakauliza familia ingependa siku ipi. Esha, mzee sasa, aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, akawasikiliza hadi mwisho.

"Msimpe siku," aliwaambia. "Mkimpa moja, zilizobaki mtapumzika."